Somo: Gari lililotyuniwa kwa E85, kutoka baridi hadi joto

Wakuu, mliotyuni magari (yaani kurekebisha kompyuta ya injini) yatumie E85, mchanganyiko wa ethanoli na petroli, kila majira yakibadilika swali ni lilelile: "Gari lilikuwa safi kabisa, mbona sasa asubuhi linakataa kuwaka?" Au, kibaya zaidi, "mbona linagonga?", yaani mafuta yanalipuka ovyo ndani ya injini. Mara nyingi injini haina kosa, tatizo limo kwenye tangi. Kibandiko cha pampu kinasema E85, lakini kiwango cha Marekani, ASTM D5798, kinaruhusu ethanoli kuanzia asilimia 51 hadi 83. Wakati wa baridi hupunguzwa makusudi, kwa kuwa ethanoli tupu ikiwa chini ya takriban nyuzi 13 haitoi mvuke wa kutosha kushika moto. Petroli iliyoongezwa ndiyo inayoliwasha gari.

Kwa hiyo usitegemee kalenda wala kibandiko. Pima.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kujaza tangi

Tafuta silinda ya kupimia ya mililita 100. Fanyia kazi nje, mbali na moto. Tia maji hadi alama ya 10, dondoshea rangi ya chakula, kisha ongeza mafuta hadi 100. Ziba, tikisa kwa nguvu, fungua kidogo mvuke utoke, halafu acha itulie. Ethanoli inayafuata maji, petroli inabaki juu, na mstari unajichora polepole kati yake. Ukisimama kwenye 80, toa 10 za maji: umebaki na 70 za ethanoli katika mililita 90 za mafuta. Hiyo ni takriban asilimia 78.

Hatua ya 2: Linganisha na tyuni yako

Hapa ndipo injini zinapofia, someni taratibu. Kadiri ethanoli inavyoongezeka ndivyo injini inavyohitaji mafuta mengi zaidi kwa hewa ileile. Petroli tupu inataka hewa kilo 14.7 kwa kilo moja ya mafuta, ethanoli tupu inataka 9 tu.

Mimi nilityuni gari langu wakati wa baridi, mafuta yakiwa asilimia 60. Joto lilipoanza nikajaza ya 78 bila kupima. Gia ya tatu, turbo imejaa, lambda (kipimo cha hewa dhidi ya mafuta: 1 ni sawasawa, chini ya hapo mafuta yamezidi, juu ya hapo hewa imezidi) niliyoizoea kwenye 0.80 ikapanda hadi 0.88. Niliachia mguu palepale. Kwenye mwendo wa kawaida huoni kitu, kwa sababu kompyuta inajirekebisha kwa sensa ya oksijeni. Ukikanyaga mpaka chini, magari mengi yanafuata tyuni tu, bila kurekebisha.

Kinyume chake pia kina hatari. Tyuni ya majira ya joto ikipewa mafuta ya majira ya baridi, mchanganyiko unakuwa mzito (mafuta yamezidi hewa), lakini okteni, uwezo wa mafuta kuhimili kugonga, imeshuka na ubaridi wa ethanoli ndani ya silinda za injini umepungua. Cheche ya plagi iliyotangulizwa sana itaifanya injini igonge.

Soma lambda, usisome uwiano wa hewa na mafuta. Lambda 1 ina maana ileile kwa mafuta yoyote.

Hatua ya 3: Kuwasha asubuhi ya baridi

Tumia hita ya injini kama unayo. Washa swichi, acha pampu ijenge presha, ndipo upige starti. Isipowaka baada ya sekunde chache, pumzika. Ukiendelea kupiga unalowesha plagi. Zikishalowa, magari mengi ya kompyuta hukata mafuta ukikanyaga mpaka chini huku unapiga starti, na silinda zinajikausha.

Hatua ya 4: Oili

Safari fupi za baridi hupeleka mafuta na maji kwenye oili. Badilisha mapema kuliko ulivyokuwa ukifanya kwa petroli, na ipashe injini joto kamili mara kwa mara.

MASWALI

Swali: Mkuu, nina sensa ya ethanoli. Silinda ya nini tena?

Jibu: Kaka, sensa ndiyo suluhisho bora, sibishi. Nyingi hutoa hertzi 50 kwa asilimia 0 na 150 kwa asilimia 100, hivyo ukiona 120 una 70. Lakini inasoma mafuta yaliyoifikia. Ukitoka kujaza, endesha taratibu hadi namba itulie. Silinda itakuonyesha siku sensa inapoanza kudanganya. Na sensa haiongezi ukubwa wa nozeli, zile zinazonyunyizia mafuta kwenye injini: zikiwa zimefika asilimia 85 ya muda wa kufunguka kwa mafuta ya majira ya baridi, ya majira ya joto yatazishinda.

Swali: Sina sensa, tyuni yangu ni ya 60, na sasa pampuni naipata ya 78. Naweza kuongeza petroli?

Jibu: Ndiyo, dada. Kama petroli yako ina ethanoli asilimia 10, lita 37 za E85 na lita 13 za petroli zinakupa takriban 60. Hesabu na mabaki ya tangini pia. Changanya, endesha kidogo, pima tena, na usikanyage mpaka chini kabla hujapima.

Swali: Joto likija gari linakula zaidi. Nozeli zinavuja?

Jibu: Huenda nozeli hazina ubaya. Lita ya ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili ya lita ya petroli. Ethanoli ikiongezeka, ulaji lazima upande.

Swali: Nikiliegesha miezi mitatu?

Jibu: Usiliache na E85. Ethanoli inanyonya unyevu hewani, na maji hayo yanaleta kutu kwenye pampu na nozeli. Maliza tangi, tia petroli, endesha hadi ifike kwenye nozeli, ndipo uegeshe. Kumbuka kurudisha tyuni ya petroli kabla ya kuitia.