Wahi yai kabla halijawa kiwavi

Mvua zikishashika Mbozi, Kilolo na Mbeya Vijijini, mahindi yakafikisha majani matatu manne, maduka ya pembejeo huanza kujaa watu wanaoulizia dawa ya viwavijeshi vamizi. Dawa bado. Kinachotakiwa wiki hizo ni kuinama na kugeuza majani, kwa sababu mdudu huyu, aliyethibitika nchini mwaka 2017, huanza kutaga mmea ukiwa ungali mchanga.

Nondo jike, mama wa viwavi hao, haangushi mayai ovyo. Huyabandika. Ana tezi karibu na njia ya mayai zinazotoa ute wenye protini, na ute huo ukikauka huwa gundi inayoshika yai kwenye jani hata mvua ipige. Ndani ya yai mna protini nyingine, chakula cha kiwavi mpaka aanguliwe. Ila ule ute wa nje una mambo yake. Mimea mingine huutambua na kujihami kabla hata yai halijaanguliwa. Ulaya kuna mdudu wa misonobari ambaye ute unaozunguka mayai yake una protini ya jamii ya aneksini. Protini hiyo ikigusa jani lililochanwa wakati wa kutaga, msonobari hushtuka. Watafiti walipoziharibu protini za ute, mti haukushtuka. (Wenye misonobari Mufindi msiwe na hofu, mdudu huyo ni wa huko.)

Mahindi nayo? Hapa ndipo mkulima anapaswa kusikiliza vizuri. Mwaka 2011 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Kenya, na Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, walionyesha kwamba baadhi ya mahindi ya asili kutoka Amerika ya Kilatini, yakitagiwa mayai na bungua madoa (nondo ambaye viwavi wake hutoboa mashina ya mahindi), hubadilisha harufu yake. Harufu hiyo huwaita nyigu wadogo: wa kwanza hutaga ndani ya mayai ya bungua, wa pili huja kuwasubiri viwavi. Mbegu chotara za dukani walizozipima hazikuita mtu. Sisemi utupe chotara, maana mavuno yake unayajua. Lakini mwenye mbegu ya kienyeji iliyotunzwa tangu kwa babu asiiache ipotee, kwa kuwa hakuna aliyeipima akamaliza kujua yote iliyonayo.

Sasa kwa kiwavijeshi vamizi mambo ni kinyume. Mwaka huohuo watafiti wa Brazili na Uswisi walikuta kwamba mahindi yaliyotagiwa na nondo huyu hupunguza harufu yake badala ya kuiongeza, hata viwavi wakishaanza kutafuna. Mmea unanyamazishwa. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutotegemea mahindi yajitetee yenyewe kwa mdudu huyu. Kazi ya kugundua mayai ni yako.

Kagua mara mbili kwa wiki tangu mahindi yachomoze. Usipite pembezoni tu. Kata shamba kwa mstari wa kupindapinda, simama sehemu tano, kila sehemu kagua mimea kumi hadi ishirini. Mmea ukiwa mdogo, anzia majani ya chini, upande wa chini wa jani, karibu na shina. Utaona kidoa cha kijivu chenye manyoya kama ukungu wa mkate uliolala. Wengi hukipita wakidhani ni uchafu. Yale manyoya ni magamba ya tumbo la nondo, na chini yake mna mayai mia moja hadi mia mbili, mara nyingi yamepangwa tabaka juu ya tabaka. Kwenye joto la Usangu au Pawaga huanguliwa ndani ya siku mbili tatu. Kwenye baridi ya Njombe au Umalila hukawia zaidi. Wa bondeni, basi, asirukishe zamu.

Ukikiona, kiponde hapo hapo kwa vidole. Kidoa kimoja ni viwavi mia na zaidi, na haikugharimu hata shilingi.

Ila tazama rangi kwanza. Mayai mapya ni meupe yenye ukijani, kisha hugeuka kahawia. Yakikaribia kuanguliwa, kila yai huonyesha kitone cheusi, ambacho ni kichwa cha kiwavi. Mayai yaliyo meusi tii mazima, yanayong'aa na hayaanguliwi, hayo yameshaingiliwa na nyigu wa Telenomasi au Trikograma, ambao kila mmoja hafiki milimita moja. Hayo usiyaponde. Ukiwa na shaka, kata kipande cha jani, kitie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, iweke kivulini. Wakitoka viwavi, waue. Wakitoka vijidudu vyeusi vyenye mabawa, wafungulie shambani.

Kupiga dawa kwa kuwa tu umeona mayai ni hasara. Dawa nyingi za dukani huua kiwavi anapoigusa au anapokula, na yai halili. Juu yake pana magamba na ganda. Unaokufa ni msaada wako, wale nyigu. Subiri hesabu: mahindi yakiwa machanga, ukikuta mimea 20 kati ya 100 ina majani yenye vidirisha (madoa meupe yaliyokwanguliwa na viwavi wadogo) au matundu mapya, hapo piga, jioni au asubuhi mapema, ukielekeza dawa ndani ya moyo wa mmea. Mahindi yakishakuwa makubwa ila hayajatoa mbelewele, yanavumilia hadi 40 kati ya 100. Chagua dawa iliyosajiliwa, soma kibandiko, na awamu inayofuata badilisha aina, maana dawa ileile kila mara humzoesha mdudu. Kiwavi aliyekwisha kuingia ndani ya gunzi dawa haimfikii, kwa hiyo usitupe hela yako huko.