Usihesabu viti, hesabu kura

Mimi ni kinyozi Kayole. Jumamosi mabishano ya hapa huanzia Arsenal na kuishia bunge la Uingereza. Kuna mzee huniambia Labour, chama cha wafanyakazi cha kule, wamerudiana na watu wao, kwani 2024 walizoa viti 411 kati ya 650. Siku moja nikamwambia, mzee wangu, nikimaliza hizi ndevu tutahesabu.

Chukua daftari. Viti viache kwanza, andika kura. 2017 Labour walipata kura milioni 12.9 wakashindwa. 2024 wakapata milioni 9.7 wakaunda serikali! Kule ni kama mbunge wetu hapa: anayetangulia hata kwa kura moja ndiye huyo. Conservative, chama kilichokuwa kikitawala, walikuwa wamemegewa kura na Reform, chama cha mrengo wa kulia zaidi, basi asilimia 33.7 ya kura ikawatosha Labour.

Halafu chagua ngome moja ya zamani ya Labour uifuate miaka kadhaa. Mimi nilianza na Bolsover, nchi ya makaa ya mawe. Dennis Skinner wa Labour, aliyewahi kuwa mchimbaji, aliwakilisha watu wake bungeni tangu 1970. Migodi ikafungwa, na umoja wa wachimbaji ukapungua nguvu. Ilipokuja Brexit, Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, wengi pale walitaka kutoka, chama chao kikawa kinasitasita. 2019 kiti kikaenda kwa Conservative. 2024 Labour wakakirudisha, na hapo mzee akapiga makofi. Pole pole, nikamwambia.

Kwa sababu safu inayofuata ndiyo yenye kazi: waliohama walikwenda wapi? Si upande mmoja. Leicester South, hasira ya vita vya Gaza ilimpa mgombea huru ushindi wa kura 979 dhidi ya Labour. Conservative nao wasicheke. Tunbridge Wells, kwa wenye nazo, iliwaponyoka ikaenda kwa chama cha Liberal Democrats. Na kote nchini, karibu wanne katika kila kumi walibaki nyumbani.

Mwisho fuatilia chaguzi ndogo, ndizo hutoa siri mapema. Runcorn and Helsby, 2024 Labour waliongoza kwa kura 14,696. Mei 2025 ukaitishwa uchaguzi mdogo: Reform 12,645, Labour 12,639.

Mzee alitoa miwani, akatoa kura za Labour kwenye za Reform mwenyewe kwa kalamu, mara mbili. Kisha akageukia benchi la wanaosubiri kunyolewa, akawahesabu kwa kidole. Walikuwa saba.