Namna ya Kukagua na Kununua Nyumba ya Kale Iliyokarabatiwa katika Kitongoji cha Milima ya Alps

Katika bonde la Queyras, kusini-mashariki mwa Ufaransa karibu na mpaka wa Italia, bado zipo nyumba za wakulima zenye umbo la pekee: chini ni ukuta mnene wa mawe, ambamo zamani watu na mifugo walikaa pamoja majira ya baridi ili kupata joto, na juu yake ni ghala la magogo ya mélèze, mti wa jamii ya msonobari, lililokuwa likijazwa nyasi kavu. Kijiji cha Saint-Véran, kilichoko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ndicho kinachojulikana zaidi. Mwongozo huu unamhusu anayetaka nyumba ya aina hiyo ambayo tayari imekarabatiwa, kwa sababu ndiyo inayohitaji ukaguzi mkali zaidi: anachokilipia mnunuzi hasa ni ule ukarabati, na ubovu ukifichwa, hufichwa humo humo.

Anza na kuta. Mawe hayo yalijengwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu uingie na utoke. Aliyeziona nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zilizopigwa lipu ya saruji juu ya mawe ya matumbawe anajua matokeo yake: unyevu hukosa pa kutokea, lipu huvimba, kisha humeguka. Milimani hali ni hiyo hiyo, na theluji inayoyeyuka kando ya msingi huizidisha. Muulize muuzaji ni lipu gani iliyotumika, kisha uiname mwenyewe ukague sehemu ya chini ya ukuta, hasa nyuma ya makabati, ukitafuta unga mweupe wa chumvi au rangi mpya iliyopakwa sehemu ya chini peke yake.

Baada ya kuta, kagua mbao. Mélèze hudumu kwa karne nyingi ikiwa kavu, na weusi wake wa nje ni kazi ya jua, si ugonjwa. Mahali pa hatari ni pale ncha ya boriti inapoingia ukutani. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba, bonyeza hapo kwa ncha ya bisibisi: mbao nzima huikataa, lakini iliyooza huipokea kama muhogo uliochemshwa. Siku yenye upepo, pitisha kiganja polepole kwenye maungio ya magogo, nawe utajua baridi inapenya wapi.

Nenda kuiona nyumba mwezi Januari, hata kama umekwisha kuiona mwezi Julai. Barabara za juu za Izoard na Agnel hufungwa majira ya baridi, hivyo gari hupita njia ya mji mdogo wa Guillestre, kwenye korongo la mto Guil. Uliza ni nani anayeondoa theluji kutoka barabara ya umma hadi mlangoni, kwa kuwa njia ya binafsi ni mzigo wa mwenyewe. Tazama pia jua linaifikia nyumba kwa saa ngapi, maana upande wa bonde unaotazama kaskazini unaweza kukaa kivulini kwa majuma mengi. Saa za jua, zile zinazoonyesha wakati kwa kivuli, zilizochorwa kwenye kuta za kale za Queyras ni ushahidi mzuri: hakuna aliyeichora saa hiyo mahali pasipo na jua.

Kuhusu majanga, utulivu wa kitongoji usikulaze. Mwezi Juni 1957 mto Guil ulifurika na kuliharibu vibaya bonde hilo. Muuzaji analazimika kisheria kukupa taarifa ya hatari zinazoikabili nyumba, zikiwemo mafuriko na maporomoko ya theluji, lakini ninashauri uende pia katika ofisi ya meya ukaione ramani yenyewe ya hatari hizo.

Ukiwa hapo, omba kuonyeshwa vibali vya ukarabati, hasa ikiwa ghala limegeuzwa vyumba vya kulala. Kwa nyumba zilizo juu kwenye malisho ya kiangazi, uliza swali moja zaidi ambalo wengi hulisahau: je, kuna sharti linalozuia nyumba hiyo kutumika majira ya baridi? Sheria inaruhusu sharti la namna hiyo kuwekwa mahali pasipofikiwa na barabara wakati huo, nalo humfuata kila mnunuzi.

Dai ankara za mafundi na vyeti vyao vya bima. Dhamana ya kazi kubwa za ujenzi hudumu miaka 10 tangu kazi ilipopokelewa, na hurithiwa na anayenunua. Soma pia cheti cha matumizi ya nishati: nyumba yenye daraja la G, lililo la chini kabisa, haiwezi kupangishwa upya kama makazi ya kudumu tangu Januari 2025.

Ufaransa haimzuii mgeni kununua nyumba, ingawa kumiliki nyumba hakumpi haki ya kuishi nchini. Mauzo hupitia kwa notari, mwanasheria aliyepewa mamlaka na dola, nawe unaweza kuwa na wako bila kuongezewa ada, kwani notari wako na wa muuzaji hugawana malipo. Kwa nyumba ya zamani, tenga takriban asilimia 7 hadi 8 ya bei kwa ajili ya kodi na ada hizo. Baada ya mkataba wa awali una siku 10 za kujiondoa bila kutoa sababu. Zikipita, arubuni yako imo hatarini, isipokuwa kama mkataba una sharti, kwa mfano la kupata mkopo wa benki, na sharti hilo halikutimia.

Asubuhi ya siku ya kutia saini hati ya mwisho, ingia tena ndani ya nyumba. Fungua kila bomba, washa jiko la kuni, usubiri hadi moshi utoke juu ya paa, ndipo uende kwa notari.