Kanji 車: kuiandika, na kuisoma kwenye gari lililotoka Japani

Anayeanza kanji, yaani herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, hapa Mombasa aanze na 車, yaani gari. Mifano ya kusomea haitafutwi mbali: magari ya mtumba yanayoshushwa Kilindini mara nyingi huja na karatasi zake za Kijapani, na mengine bado yana stika kwenye kioo. Japani kwenyewe watoto huifunza darasa la kwanza.

Tumia daftari la hesabu la miraba, uchukue miraba minne kwa kila kanji. Mistari ni saba. Wa kwanza ni mlalo mfupi juu. Wa pili unashuka, nao ndio ubavu wa kushoto wa kisanduku. Wa tatu unakwenda kulia kisha unakunja kona na kushuka bila kuinua kalamu. Wa nne ni mlalo unaokata kisanduku katikati, wa tano unakifunga chini. Wa sita ni mlalo mrefu kuliko yote, chini ya kisanduku. Wa saba unaanzia juu ya mlalo wa kwanza, unapasua kila kitu katikati na kutokeza chini, na hauna ndoano mwishoni.

Wengi huharibu hapo kwenye mstari wa saba: wakiuandika mapema, kisanduku kinakaa upande. Uache uwe wa mwisho. Usichanganye pia na 東, mashariki, ambayo haina mlalo mrefu wa chini bali miguu miwili iliyotanuka. Na ukiona 车 kwenye bidhaa za China, hayo ni maandishi ya Kichina yaliyorahisishwa. Wajapani hawaandiki hivyo.

Ikisimama peke yake husomwa *kuruma*. Ikiungana na nyingine, aghalabu husomwa *sha*: 電車 (densha) treni ya umeme, 自転車 (jitensha) baiskeli, 駐車場 (chūshajō) maegesho, 中古車 (chūkosha) gari lililokwisha tumika.

Sasa shika hati ya gari. 車台番号 (shadai bangō) ni namba ya chesisi. Ilinganishe tarakimu kwa tarakimu na ile iliyogongwa kwenye bodi. 車名 (shamei) huwapoteza watu kwa kuwa maana yake ni "jina la gari", lakini panapoandikwa hapo ni kampuni iliyolitengeneza, kama トヨタ, Toyota. Modeli usiitafute hapo.

Stika ya kioo cha mbele ni ya 車検 (shaken), ukaguzi wa lazima. Isomee ndani ya gari, upande unaomwelekea dereva, kwani ndiko tarehe ya kuisha muda imeandikwa kamili. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Mwaka ukiandikwa kwa enzi ya 令和 (Reiwa), ongeza 2018: 令和5年 ni 2023. Ukiwa 平成 (Heisei), ongeza 1988. Tarehe hiyo ni ya ukaguzi kuisha muda, si ya gari kutengenezwa, kwa hiyo usiitumie kukadiria umri wa gari.