Mmeachana, bima ya maisha bado ni ya wawili: la kufanya kwa wanaoishi Uingereza

Waswahili wengi walionunua nyumba Uingereza wakiwa mume na mke walikatiwa, katika siku zilezile za kuhangaikia mkopo, bima moja ya maisha yenye majina mawili. Bima nyingi za aina hii hulipa mara moja tu: anapofariki wa kwanza, aliyebaki hupokea fedha zote na mkataba huishia hapo. Ndoa inapovunjika, mkataba huo hauvunjiki pamoja nayo. Sheria ya Bima ya Maisha ya mwaka 1774, ambayo ingali inatumika, humtaka anayekata bima awe na maslahi katika uhai wa anayekatiwa, yaani awe atapata hasara mwenzake akifa, wakati bima inapoanza; yanayotokea baadaye kati yao hayaibatilishi. Kwa hiyo, maadamu ada inalipwa na hati haijabadilishwa, ukifa leo atakayelipwa ni mtalaka wako, hata kama hamjasemezana kwa miaka kumi.

Wasia hauzuii hilo. Ni kweli kwamba katika England na Wales talaka ya mahakama humwondoa mtalaka katika wasia kana kwamba amekwisha kufariki, lakini fedha za bima ya wawili hazipitii kwenye mirathi, bali humwendea moja kwa moja mwenye bima aliye hai. Wala talaka iliyotamkwa hapa Uingereza msikitini au mbele ya wazee haitoshi: ikiwa ndoa yenu inatambuliwa na sheria ya Uingereza, hapa ni mahakama peke yake inayoivunja, na katika England na Wales, tangu Aprili 2022, safari hiyo huchukua angalau wiki 26, kwani ni wiki 20 tangu ombi hadi amri ya kwanza, kisha wiki sita na siku moja kabla ya kuomba ile ya mwisho. Muda wote huo bima yenu inaendelea kama kawaida.

Anza kwa kuitafuta hati yenyewe, na ukiikosa uiombe kampuni nakala, jambo ambalo kila mmoja wenu ana haki nalo. Angalia kama inalipa kwa kifo cha kwanza au cha pili, kama kiasi chake ni kilekile au kinapungua pamoja na mkopo, kama kuna kipengele cha magonjwa hatari, inakwisha lini, na ada inakatwa katika akaunti ya nani. Kipengele cha magonjwa hatari kisomwe kwa makini, kwa sababu katika mikataba mingi mmoja akilipwa kwa ajili ya saratani au kiharusi, bima yote huwa imekwisha, na mwenzake hubaki bila kitu.

Kosa kubwa ni kuifuta bima kwa hasira. Tuseme mliikata mwaka 2014, mume akiwa na miaka 32 na mzima wa afya. Leo ana miaka zaidi ya 40, na daktari amemwambia ana kisukari. Bima mpya atapimiwa kwa umri na afya ya leo, kwa ada kubwa zaidi, na huenda akakataliwa kabisa. Bima za muda maalumu, ambazo ndizo nyingi, hazina akiba ndani yake, hivyo mkizifuta hamrudishiwi chochote. Omba bima mpya kwanza, ikubaliwe na ianze kufanya kazi, ndipo muiache ya zamani.

Kabla ya hayo, iulize kampuni swali moja: je, mkataba wetu una kipengele cha kuigawa bima baada ya kutengana? Baadhi ya mikataba humruhusu kila mmoja kuchukua bima yake mwenyewe bila kuulizwa tena habari za afya, lakini kwa sharti kwamba muombe ndani ya muda uliotajwa, ambao mara nyingi ni miezi michache tu tangu talaka au tangu mkopo wa nyumba ubadilishwe jina. Kwa mwenye maradhi, kipengele hicho kina thamani kuliko samani zote mnazogombania. Kisipokuwepo, mmoja anaweza kumhamishia mwenzake haki zake kwa hati maalumu, ambayo ni vyema iandaliwe na wakili na itajwe katika makubaliano ya mali yatakayoidhinishwa na mahakama.

Wapo wanaoamua kuiacha kama ilivyo, hasa watoto wakiwa wadogo na mmoja akitoa matunzo. Si uamuzi mbaya, ila una hatari yake. Kuifuta rasmi kwa kawaida hutaka saini mbili, lakini mwenye akaunti anaweza kusimamisha malipo benki peke yake, na baada ya muda mfupi wa kusubiriwa bima hufa. Kwa maoni yangu, anayetegemea fedha hizo ndiye alipe ada, hata kama atarudishiwa na mwenzake. Anayepokea matunzo anaweza pia kumkatia mtalaka wake bima mpya, kwa ridhaa yake, kwa kadiri ya hasara ambayo angeipata mtalaka huyo akifariki.

Ukikata bima yako peke yako, iweke tangu mwanzo chini ya wadhamini, yaani watu watakaozipokea na kuzitunza fedha kwa niaba ya uliowakusudia. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kukabidhiwa fedha hizo mwenyewe, na zikiingia katika mirathi huenda zikatozwa kodi ya asilimia 40 kwa kiasi kinachozidi kiwango cha msamaha. Mtalaka, tofauti na mke au mume, hana msamaha wa ziada.

Mwisho, badilisha anwani. Barua za bima, zikiwemo za kuonya kwamba ada haikulipwa, zitaendelea kupelekwa kwenye ile nyumba uliyohama, na atakayezifungua ni mwingine.