"Ni betri tu": kabla hujanunua Impreza iliyolala

Wauzaji wa magari yaliyokaa muda mrefu wana sentensi moja: "Ni betri tu, mkuu." Niliisikia Mbezi, mbele ya Subaru Impreza WRX iliyolala miaka minne chini ya mwembe, majani yamejaa hadi kwenye tundu la hewa juu ya boneti. Nikaamini. Nikalipa.

Cha kwanza, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Wengi tunafanya kinyume, tunataka tulikute linanguruma. Gari likilala miaka, oili yote inashuka chini, vyuma na tabo vinabaki vikavu, na zile sekunde za mwanzo ndizo zinazokwangua beringi. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini.

Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, na abebe soketi namba 22. Gari likiwa nyutro, azungushe injini kwa mkono kwenye bolti ya puli ya krenki, polepole, mizunguko miwili kamili. Ikigoma asilazimishe. Hapo mnazungumzia bei ya bodi, injini haimo.

Mkanda wa taimingi ndio unaoniuma zaidi. Watu husema unabadilishwa kila kilomita 100,000, na muuzaji atakuonyesha deshibodi: "Limetembea 70,000 tu." Mpira hausomi kilomita, unazeeka hata ukiwa umesimama. Kwenye EJ20 ya tabo, injini ya WRX hizi, ukikatika, valvu zinagongana na pistoni. Hesabu mkanda, tenshena na pampu ya maji kwa pamoja, maana pampu inazungushwa na mkanda huohuo.

Fungua tangi unuse. Petroli nzima unaijua harufu yake. Ya kwangu ilinuka kama vanishi ya fundi seremala, na pampu ilipotolewa chujio lake lilikuwa limeganda utelezi wa kahawia. Nozeli zote nne zikaenda kusafishwa. Petroli ya zamani imwagwe yote, usiichanganye na mpya ukidhani itajisafisha.

Tairi zisikuhadae kwa kashata nene: soma tarakimu nne ubavuni, 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, yabadilishwe bila mjadala. Klachi huweza kunata kwa kutu, hasa huku kwetu pwani. Panya nao hawakosi. Funua kapeti na ufuate nyaya.

Siku ya kuwasha, weka oili mpya na betri nzima, chomoa plagi ya umeme ya pampu ya petroli, kisha piga stata kwa vipande vifupi hadi taa ya oili izime. Ndipo urudishe petroli.

Halafu kadi. Jina liwe la anayekuuzia, na namba ya chesisi ilingane na iliyogongwa kwenye bati nyuma ya injini. Namba hiyo ina faida nyingine: kwa sedani za 2000 hadi 2007, STI ya kweli, yaani WRX ile kali zaidi, huanza na GDB. Ukikuta GDA, hiyo ni WRX ya kawaida, na ile nembo ya waridi imenunuliwa dukani.