Kupima maji ya jani na saa za palizi

Nachunguza mahindi hapa Njoro pamoja na vibarua wanaoyapalilia. Kata vipande vya jani saa ileile kila siku, vifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, upime uzito upesi. Viloweke majini kwa muda wa saa 4, vifute, pima tena. Kausha kwa nyuzi 70 za Selsiasi hadi uzito usipungue zaidi. Toa uzito mkavu kwenye ule wa kwanza, gawanya kwa tofauti ya uliolowa na mkavu, zidisha kwa 100; hapo unapata maji ya jani kama asilimia ya yale linayobeba likiwa limelowa kabisa.

Kuhusu kazi, usiulize ujira wa siku pekee. Kibarua mara nyingi humaliza mchana, si jioni. Uliza alifanya kazi saa ngapi kwa jumla. Na mama anayepalilia shamba lake bila malipo? Saa zake ziandike pia, tafadhali, kwenye safu yake, kisha uzikadirie thamani kwa ujira wa kijijini msimu huohuo.